Picha Arobaini za Siku Moja

Siku hizi ukimtaja baba yangu katika ule mtaa, watakwambia alikuwa mtu mwema ila kamera ilimshinda. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, kwenye foleni ya maji, kutoka kwa mtu ambaye picha yake ya harusi ilipigwa na baba yangu na hadi leo imetundikwa sebuleni kwake. Kamera haikumshinda. Alipiga picha miaka thelathini na minane. Kilichomshinda ni kitu kingine, na wanaokijua tulikuwa wawili tu, na mwenzangu hakukisema hata mara moja.

Walimwita Mzee Kidevu. Kila aliyekalia kile kigoda chake cha kuzunguka aliambiwa, "Kidevu juu kidogo. Hapo hapo. Usipumue." Uwe hakimu, uwe muuza mkaa, kidevu juu kidogo. Watoto wakipita mlangoni kwake walitembea na videvu vimeelekea mbinguni mpaka wanajikwaa, naye anacheka na kuwaambia wamezidisha.

Studio yake ya kwanza ilikuwa katika soko la zamani. Soko lilipoungua, iliungua pamoja na kamera tatu za filamu, mashine ya kusafishia picha na makabati mawili ya negativu. Nilimkuta asubuhi amesimama mbele ya majivu na suruali imekunjwa mpaka magotini, kama mtu anayetaka kuvuka maji. Hakulia. Alisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akaenda kumsaidia fundi cherehani, ambaye sote tulimwita Mama Pindo, kutafuta kichwa cha cherehani yake kwenye mabaki.

Baraza la mji likawaambia wafanyabiashara wajenge vyumba kando ya barabara kuu, kwa muda. Waliambiwa kwa mdomo. Karatasi hakuna, leseni hakuna, kwa sababu kitu cha muda hakipewi leseni. Wakajenga vyumba kumi na kimoja kwa mbao na mabati. Baba chumba cha nne, Mama Pindo cha tano, kinyozi cha sita. Chumba cha baba kilikuwa na pazia la buluu upande mmoja na jeupe upande wa pili kwa picha za pasi, taa mbili zenye miavuli aliyoishona Mama Pindo kwa shuka kuukuu, kioo cha kujitazamia, na kitana kilichofungwa kwa uzi mrefu kwa sababu vitana vilikuwa na tabia ya kuondoka na wateja.

Filamu zilikuwa zimeanza kuadimika madukani hata kabla ya moto. Akanunua kamera ya kidijitali, iliyokwisha kutumika, kwa mwandishi mmoja wa magazeti aliyekuwa anahama. Ilikuja na kitabu chake cha maelekezo kwa lugha ya kigeni. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nina cheti cha miezi sita cha kompyuta, na nimeajiriwa katika duka la kuchapa na kutoa kopi. Katika ukoo wetu hilo lilitosha mtu kuitwa msomi, nami niliitika. Jumapili mchana nilikuwa nakwenda studio na kile kitabu kwapani, nakaa kwenye kigoda cha wateja, baba ananisikiliza akiwa amesimama.

"Samaki mkunje angali mbichi," aliniambia siku ya kwanza. "Mimi nimeshakauka, mama. Ukinikunja utanivunja." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

"Baba, sikiliza kwanza. Hii inaitwa ISO. Ni jinsi kamera inavyouhisi mwanga. Namba ikiwa ndogo inataka mwanga mwingi. Ikiwa kubwa inaona hata penye kiza, lakini picha inatoka na chengachenga."

"Hiyo si filamu ya mia na filamu ya mia nne? Mia ya juani, mia nne ya ukumbini. Zamani ulikuwa unainunua dukani, sasa unaibonyeza. Endelea."

"Apacha."

"Ni nini hiyo?"

"Tundu la lenzi linalopitisha mwanga."

"Aa, tundu! Namba kubwa, tundu dogo. Namba ndogo, tundu kubwa. Aliyepanga hivyo alikuwa amelewa, lakini ndivyo alivyopanga. Ukifungua tundu kubwa, uso unakaa vizuri na nyuma kunafifia. Ukilibana, unapata uso, unapata ukuta, unapata na mjusi wa ukutani. Endelea."

"Kasi ya shata."

"Muda ambao tundu linakaa wazi. Mtoto mtukutu, kasi kubwa. Maiti, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi."

Nilicheka, lakini nilikasirika pia. Nilikuja kufundisha, na mwanafunzi ananimalizia sentensi. Nikaanza kumtafutia maneno asiyoyajua. Nikampa megapikseli. Nikamweleza kwamba picha imefanywa kwa vitone vidogo, na kadiri vitone vilivyo vingi ndivyo unavyoweza kuikuza bila kuharibika. Akafikiri, akasema hiyo ni idadi ya nyuzi kwenye kitambaa, haikuambii fundi ni nani. Nikampa zumu ya kidijitali. Alipoona inavyoufanya uso wa mtu uwe matofali matofali, akasema, "Huku si kusogea. Huku ni kuikata picha kwa mkasi halafu kuivuta. Nitatembea, miguu ninayo." Nikamwambia kadi ya kumbukumbu inachukua picha mia sita. "Mia sita za nini? Mtu ana uso mmoja."

Kitu kimoja tu ndicho kilichomshangaza kweli, nacho ni mizani ya weupe. Nilimwambia kwamba kamera haijui nyeupe ni ipi. Chini ya taa ya manjano inaona kila kitu ni cha manjano, mpaka uichagulie au uionyeshe kitu cheupe uiambie, hii ndiyo nyeupe. Alizunguka wiki nzima na kitambaa chake cha mfukoni, anakipiga picha chini ya kila taa ya mtaa ule, anakuja kunionyesha. Sijawahi kumwona na furaha ile tena.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye dakika tano za mwanzo za Jumapili ya kwanza, kabla ya ISO na kabla ya yote. Nilipoiwasha kamera mbele yake, kitu cha kwanza kilichotokea kwenye kioo chake kilikuwa swali. Weka tarehe na saa. Chini yake kulikuwa na vimshale vidogo vya kupandisha na kushusha mwaka, mwezi, siku, saa na dakika.

"Inasemaje?" baba akauliza, akiinua miwani.

Kitabu kilikuwa na ukurasa mzima juu ya jambo hilo. Niliufunua nikaupita. Nilikuwa na hamu ya kufika kwenye maneno makubwa.

"Haina maana hiyo, baba. Inataka saa tu, na saa unayo mkononi. Bonyeza hapa, inapita."

Akabonyeza, ikapita.

Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na desturi moja. Jioni, kabla ya kufunga, walikuwa wanatoa betri kwenye fleshi. Betri ikiachwa ndani huvuja, na uchafu wake hula shaba mpaka fleshi inakufa. Baba alipoteza fleshi moja hivyo akiwa kijana, na tangu siku hiyo hakulaza betri ndani ya chombo chochote. Kamera mpya nayo akaifanyia hivyo hivyo. Kila jioni anaitoa betri, anaifuta, anaiweka kwenye kopo. Kamera za kidijitali zina kibetri kingine kidogo cha ndani, kazi yake ni kuikumbusha saa wakati betri kubwa haipo. Cha kamera yetu kilikuwa kimekufa kabla hatujainunua. Kwa hiyo kila asubuhi iliamka haijui leo ni lini, ikauliza. Na kila asubuhi baba alibonyeza pale nilipomwonyesha. Nilimkuta siku moja anaijibu kwa sauti: "Najua, najua. Pita."

Aliniuliza tena mara moja. Ulikuwa mwaka wa pili, amekuja pale kazini kwetu kuchapisha picha, nami nina foleni ya watu na mchumba kwenye simu. Akaniwekea picha mezani, akagusa pembe yake.

"Mama, hizi namba za njano ni za nini?"

"Ni za kamera tu, baba. Achana nazo."

Akaridhika. Filamu zote zilikuwa na namba pembeni, za kiwanda, na katika maisha yake yote hakuna mteja aliyewahi kuzisoma. Sikuinama hata kuzitazama.

Kila mwaka baba aliwapiga picha majirani zake, kila mmoja mbele ya mlango wake. Alikuwa hawatozi kitu. Alisema moto ulimfundisha kwamba mlango ni kitu cha kupigwa picha ungalipo. Mama Pindo na cherehani yake mpya, Mama Pindo na kibao kipya, kinyozi na kiti chake, kinyozi na mke, kinyozi na mke na kichanga. Miaka saba ikapita hivyo.

Kisha likaja tangazo la kupanua barabara. Vyumba vyote vitabomolewa. Baraza limejenga soko jipya la mawe, lenye maji na choo, na vyumba vyake watapewa waliokuwa wakifanya biashara kando ya barabara kwa miaka mitano au zaidi. Uthibitisho: leseni, au stakabadhi, au picha yenye tarehe.

Siku ile mtaa wote ulihamia chumba namba nne. Mama Pindo alipiga vigelegele mpaka akakohoa. "Tuna Mzee Kidevu!" alisema. "Wengine watajiju. Sisi tuna Mzee Kidevu!" Wengine kando ya ile barabara, wauza viatu na wauza ndoo, walikuwa wanahangaika kutafuta vikaratasi, na wetu wamekaa wamekunja nne. Mama Pindo alimshonea baba shati la kwendea barazani, akakataa kabisa kupokea shukrani.

Picha alizochagua baba zilikuwa arobaini. Orodha yake niliichapa mimi, pale dukani. Picha namba moja, fundi cherehani mbele ya chumba chake. Picha namba mbili, kinyozi mbele ya chumba chake. Zilikaa mezani kwangu siku mbili nzima. Nilitazama nyuso, nikatabasamu, nikachapa.

Siku ya kusikilizwa tuliketi kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa baraza. Karani wa kamati hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua na rundo la mafaili, na alifurahi kuona bahasha iliyopangwa vizuri. Akatoa picha ya kwanza.

"Hii ulipiga lini, mzee?"

"Mwaka wa tatu tangu tuhamie pale. Msimu wa mvua, si unaona tope?"

Karani akaisogeza karibu na macho. "Hapa imeandikwa tarehe mosi Januari. Na mwaka huu ulioandikwa hapa, mzee, pale barabarani palikuwa kichaka. Ninyi mlikuwa bado soko la zamani." Akachukua nyingine. "Na hii?"

"Hiyo juzijuzi tu. Mwaka jana."

"Tarehe mosi Januari. Mwaka ule ule." Akachukua ya tatu, ya nne, ya tano. Akaacha kuchagua, akazitandaza mezani zote. "Mosi Januari. Mosi Januari. Mosi Januari. Mzee, mtoto wa kinyozi amezaliwa, ameota meno, ameanza shule, yote siku moja ya mwaka mpya?"

Ukumbi ulicheka. Watu wetu nao walicheka, maana ilichekesha, mpaka wakaelewa. Mama Pindo ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

Mimi nilielewa kabla yake. Nilielewa neno lile lilipotoka mdomoni mwa karani, tarehe: kamera isiyojibiwa swali lake hurudia kila asubuhi tarehe ya kiwandani. Nikasimama.

"Mheshimiwa, mtazameni huyo mtoto. Kwenye picha hii kabebwa. Kwenye hii anasimama. Kwenye hii ana sare ya shule. Mtoto hawezi kudanganya, na nyuma yake mlango ni ule ule."

"Binti, mtoto si tarehe," karani akasema, na hakusema kwa ukali. "Fomu ina kisanduku cha tarehe. Nikiandika humo kwamba mtoto amekua, kesho nami nitakuwa natafuta chumba sokoni." Kisha akamgeukia baba, na sauti ikabadilika. "Ila mzee, tarehe zote kuwa moja, ama huu ni ujinga ama ni ujanja. Kama zimebandikwa, hilo si letu, ni la polisi. Nani alikufundisha kutumia kamera hii?"

Nilikuwa bado nimesimama. Hilo nalisema ili ijulikane kwamba sikuhitaji hata kuinuka. Watu wote wa vyumba kumi na kimoja walikuwa nyuma yangu, wale wanaoniita msomi, na nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili: ni mimi.

Baba hakunitazama. Aliitazama kofia yake magotini.

"Nimejifunza mwenyewe," akasema. "Elimu yangu ndogo, mheshimiwa. Sikujua hizo namba ni tarehe."

Nikakaa.

Karani akaandika ujinga, nadhani, maana polisi hawakuitwa. Ombi likakataliwa palepale, la vyumba vyote kumi na kimoja. Wauza ndoo walipata, na vikaratasi vyao vilivyoliwa na mende. Tingatinga lilikuja baada ya wiki tatu. Kinyozi akawa ananyoa watu uani kwa shemeji yake. Mama Pindo aliipeleka cherehani nyumbani, kwenye chumba anacholala na wajukuu, na wateja wake wakapungua mpaka akawa anashona viraka. Hakumtukana baba. Aliacha tu kumwamkia, na kwa watu waliotafuta kichwa cha cherehani pamoja kwenye majivu, hilo lilitosha.

Mchuma janga hula na wa kwao, husema. Kwetu janga nililichuma mimi, wakalila wao.

Siku chache baada ya kubomolewa nilimkuta baba kitandani kwake amekaa, miavuli ya shuka imeegemea ukutani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa kupiga magoti.

"Baba, kwa nini hukusema?"

"Kusema nini?" Akachukua kopo, akatoa betri, akaichomeka, akanipa kamera. Kioo kikawaka na swali lake. "Nionyeshe hii. Ile siku tuliiruka."

Nikamwonyesha. Mshale wa juu, mwaka. Mshale wa pembeni, mwezi. Siku, saa, dakika. Bonyeza katikati. Aliifanya mwenyewe mara ya pili bila kusaidiwa, kwa kidole kile kile kinene. Haikuchukua dakika moja.

"Kumbe ni hivi tu," akasema.

Hakuwa ananisuta. Ningependa angenisuta. Alisema kwa mshangao wa mtu aliyefundishwa kitu rahisi, kisha akaitoa betri, kwa sababu jioni ilikuwa inaingia. Sikupiga magoti. Nilimuuliza kama amekula.

Aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo. Alipiga picha mbili tatu za pasi ukutani mwa nyumba, kwa watu waliotoka mitaa ya mbali wasioijua habari yake. Mtaani hakwenda tena. Mara nyingi nilimkuta peke yake, na kila mara nilikuwa na sababu ya kutolisema siku hiyo: ana homa, amechoka, leo ana furaha nisimharibie. Ningeweza kwenda kwa Mama Pindo wakati wowote, nyumba yake ni hatua mia tatu kutoka kwetu. Nilikuwa napita njia ya nyuma.

Mama Pindo alikuja kwenye msiba wa baba. Walikuja wote, wa vyumba vyote kumi na kimoja, maana kifo hakina kinyongo, au ndivyo tunavyojisemea. Mama Pindo alinikuta kwenye mkeka wa wafiwa akanikumbatia, akanishika uso kwa mikono yake miwili, naye analia kweli.

"Tumemsamehe, mwanangu," akasema. "Kaa ukijua, mimi nimemsamehe. Hakujua. Laiti tu angekuuliza wewe uliyesoma."

Wanawake waliokuwa karibu wakaitikia, wakatikisa vichwa. Niliona wananingoja niseme kitu.

Nikamwambia ahsante, mama.